Filamu moja, diski mbili: jinsi ya kuunganisha video bila kuenkodi upya

Kompyuta nyingi zinazotoka siku hizi hazina tena sehemu ya kuingizia diski. Watu wenye DVD zilizojaa kabatini wameliona hilo, na wengi wameanza kuzihamishia kwenye kompyuta kabla kifaa chao cha mwisho cha kuzisomea hakijagoma. Swali linalojirudia ni hili: video yangu iko kwenye diski mbili, nifanyeje iwe faili moja? Na jibu linalotolewa haraka haraka ni lile lile kila mara: pakua programu ya kubadilisha video, ingiza vipande vyote, chagua MP4, subiri. Feni ya kompyuta inavuma saa nzima au zaidi, faili linatoka, picha imefifia kidogo, na mwenye video anaambiwa asishangae, kwamba ukiunganisha lazima ubora ushuke.

Si kweli. Kuunganisha hakudai picha iguswe hata kidogo. Kinachotakiwa ni vipande viwe vya aina moja, saa ya kipande cha pili (alama za muda zilizomo ndani yake) isogezwe mbele, na faili jipya liandikiwe faharasa yake. Kazi hiyo kompyuta huimaliza kwa dakika chache, na data ya picha inayotoka ni ile ile iliyokuwa kwenye diski. Ugumu, pale unapokuwepo, uko kwenye kukagua kabla ya kuunganisha. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Picha na kontena lake

Mkanganyiko mwingi unatokana na kuchanganya mambo mawili yanayofanana kwa jina la faili.

La kwanza ni kuenkodi, yaani kazi ya kuibana picha ghafi ili itoshe kwenye diski. Picha ya DVD ya PAL, mmoja wa mifumo ya zamani ya runinga, ina pikseli 720 kwa 576, na fremu 25 kila sekunde. Ukitaka kuihifadhi bila kuibana, hata baada ya kupunguza taarifa za rangi kama video zinavyofanya kwa kawaida, utahitaji takribani megabiti 124 kwa kila sekunde. DVD inaruhusu picha itumie megabiti 9.8 kwa sekunde tu, na diski nyingi hutumia pungufu ya hapo. Maana yake sehemu kubwa ya data ilishatupwa siku diski ilipotengenezwa, ikatupwa kwa ustadi, mahali ambapo jicho halioni kwa urahisi. Kanuni inayoamua nini kitupwe na kilichobaki kiandikweje ndiyo kodeki. VCD hutumia MPEG-1, DVD kwa kawaida ni MPEG-2, na Blu-ray mara nyingi ni H.264.

La pili ni kontena, yaani umbo la faili linalobeba picha hiyo iliyobanwa pamoja na sauti, manukuu na taarifa za wakati gani kila kitu kionekane. VOB ni kontena. MP4, MKV na AVI nazo ni makontena. Herufi zilizo mwisho wa jina la faili hukuambia kontena tu, hazikuambii kodeki iliyomo. MKV inaweza kubeba MPEG-2 ya DVD kama ilivyo, bila kubadilisha chochote ndani ya picha, na ndiyo sababu tutaitumia sana huko mbele.

Fikiria riwaya iliyochapwa katika juzuu mbili, nawe unataka kitabu kimoja. Unaweza kukaa chini na kunakili kurasa zote kwa mkono kwenye daftari jipya. Utachoka, utakosea hapa na pale, na mwandiko wako hautafikia chapa ya awali. Au unaweza kubandua majalada, kuzipanga kurasa zile zile pamoja, kuzishona na kuzivika jalada moja. Katika njia hii ya pili hakuna neno hata moja linaloandikwa upya, lakini kuna marekebisho mawili usiyoweza kuyakwepa: namba za kurasa za juzuu ya pili zinaanza tena na 1, hivyo lazima ziendelezwe, na ukurasa wa yaliyomo lazima utaje kitabu kizima. Kuenkodi upya ni ile njia ya mkono. Kuunganisha kwa kunakili mkondo, yaani kuitoa picha iliyobanwa kwenye kontena moja na kuiweka kwenye jingine kama ilivyo, ni ile ya kushona.

Kwa nini kuenkodi upya kunadhuru hata ukiwa mwangalifu? Kwa sababu programu hulazimika kwanza kuifungua picha, kisha kuamua upya nini kitupwe, safari hii kutoka kwenye picha ambayo tayari ilishapunguzwa. Inabana na kasoro za mbano wa kwanza, vile vimiraba vinavyoonekana kwenye moshi, maji na giza, kana kwamba ni sehemu halali ya picha. Wapo wanaodhani dawa ni kuenkodi kwa bitireti (kiasi cha data kwa kila sekunde) kubwa kuliko ya mwanzo. Hasara itapungua, ni kweli, lakini kilichotupwa hakirudi. Unachopata ni faili kubwa zaidi lenye picha ambayo, hata mambo yakienda vizuri kabisa, iko chini kidogo ya ile uliyokuwa nayo.

Kuenkodi upya kuna nafasi yake. Simu isiyosoma MPEG-2 inahitaji nakala ya H.264, na mtu mwenye nafasi ndogo ya kuhifadhi ana haki ya kubana zaidi. Ila hizo ni kazi tofauti na kuunganisha. Unganisha kwanza, hifadhi nakala kamili, kisha toa nakala ndogo kutoka hapo ukihitaji.

Kilichomo ndani ya diski

Ukifungua DVD ya video kwenye kompyuta utakuta folda inayoitwa VIDEO_TS, na ndani yake kitu cha namna hii:

VIDEO_TS.IFO
VIDEO_TS.BUP
VTS_01_0.IFO
VTS_01_0.BUP
VTS_01_0.VOB
VTS_01_1.VOB
VTS_01_2.VOB
VTS_01_3.VOB
VTS_01_4.VOB

Mafaili ya VOB ndiyo yenye picha na sauti. Lile lenye sifuri kabla ya nukta ni la menyu. Filamu yenyewe inaanzia VTS_01_1 na kuendelea. IFO ni ramani inayomwambia mchezaji, yaani programu au kifaa cha kuchezea video, aanzie wapi, apitie wapi na sura za filamu ziko wapi, na BUP ni nakala ya akiba ya IFO.

Angalia ukubwa wa VOB hizo na utaona kwamba kila moja, isipokuwa ya mwisho, inakaribia gigabaiti 1. Hiyo si bahati. Kanuni za DVD haziruhusu VOB ivuke gigabaiti 1, kwa hiyo filamu ndefu hukatwa vipande vinavyofuatana. Ukataji huo haujali tukio wala sentensi, unajali ukubwa tu. Kipande cha pili kinaendelea pale pale cha kwanza kilipoishia, na saa yake inaendelea vilevile.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa sababu kuna migawanyo miwili ya asili tofauti. Mgawanyo wa VOB ndani ya diski moja ni mkato wa ukubwa: ukizigandisha VOB hizo baiti baada ya baiti, kwa kawaida unarudisha mkondo uliokuwepo kabla ya kukatwa. Mgawanyo kati ya diski ya kwanza na ya pili ni jambo jingine. Diski ya pili ilitengenezwa kama kazi inayojitegemea, ina IFO yake, na saa yake inaanza upya. Ushauri unaofaa kwa mgawanyo wa kwanza ukiutumia kwa wa pili, unapata faili linaloonekana limeungana lakini halitabiriki.

Kwa mgawanyo wa kwanza, Windows ina amri ya zamani inayotosha:

copy /b VTS_01_1.VOB+VTS_01_2.VOB+VTS_01_3.VOB+VTS_01_4.VOB diski1.vob

Usiisahau hiyo /b. Bila hiyo, amri ya copy inapounganisha mafaili huyachukulia kama maandishi, na ikikutana na baiti fulani inayohesabiwa kuwa alama ya mwisho wa maandishi, inakatiza hapo hapo. Kwenye Linux na macOS kazi hiyo hufanywa na amri ya cat.

Hata hivyo, kwa DVD mimi napendelea programu inayosoma IFO badala ya kugandisha VOB kwa mkono. Diski nyingine zina pembe zaidi ya moja za kamera, na vipande vya pembe hizo vimesukwa kwa kupishana ndani ya VOB. Nyingine zina vipindi kadhaa ndani ya seti moja ya VOB. Diski iliyorekodiwa nyumbani kwa vipindi tofauti inaweza kuwa na saa inayoanza upya mara kadhaa ndani ya faili moja. Na kuna jambo dogo ambalo huwashangaza wengi: manukuu ya DVD ni vipicha, na rangi zake zimeandikwa kwenye IFO, si kwenye VOB. Ukichukua VOB pekee, manukuu yanaweza kutoka na rangi za ajabu. Programu kama MakeMKV husoma ramani nzima na kukupa MKV moja kwa kila filamu, bila kuenkodi.

Jambo la sheria lisemwe wazi. DVD na Blu-ray nyingi za kibiashara zimefungwa kwa ufunguo wa kidijitali, na ukinakili VOB zake bila kuufungua unapata picha iliyovurugika. Nchi nyingi zinakataza kuvunja ufunguo huo hata kama diski umeinunua mwenyewe, na Marekani imeliweka hilo kwenye sheria yake ya mwaka 1998 ya hakimiliki za kidijitali. Soma sheria ya mahali ulipo. Diski ulizorekodi mwenyewe, au zilizotengenezwa kwa ajili yako bila kufungwa, hazina tatizo hilo, na kusema kweli ndizo zinazostahili haraka zaidi, kwa kuwa hakuna duka litakalokuuzia nakala nyingine.

Kundi moja la diski hizo linahitaji tahadhari ya pekee. Kamera za video za miaka ya 2000 ziliandika kwenye DVD ndogo za sentimita 8, zenye gigabaiti 1.4 na takribani nusu saa ya picha kwa ubora wa kawaida. Tukio la saa mbili likaishia kwenye diski nne. Kamera hizo zilikuwa na hatua ya kuikamilisha diski baada ya kurekodi, na diski ambayo haikukamilishwa kompyuta nyingi huiona tupu. Usiitupe. Ikiwa kamera bado inawaka, irudishe diski humo na uikamilishe kwanza.

VCD ni rahisi zaidi: folda yake inaitwa MPEGAV na faili la filamu kwa kawaida ni AVSEQ01.DAT, MPEG-1 iliyofunikwa na vazi jembamba. Programu nyingi za video hulisoma moja kwa moja.

Saa

Kila fremu ndani ya faili la video ina alama ya muda inayosema lini ionyeshwe, na kila kipande cha sauti kina yake. Mchezaji huzifuata alama hizo, hahesabu fremu. Diski ya kwanza ikiwa na dakika 95, alama zake zinakwenda kutoka sifuri hadi dakika ya 95. Diski ya pili nayo inaanza sifuri.

Ukigandisha mafaili ya diski hizo mbili bila kurekebisha saa, mchezaji anafika dakika ya 95, kisha ghafla anaambiwa fremu inayofuata ni ya sekunde ya kwanza. Wachezaji hulipokea hilo kwa namna tofauti. Mmoja anaendelea kama kawaida lakini anaonyesha urefu usio sahihi. Mwingine ukiburuta kwenda mbele anakurudisha mwanzo. Mwingine anasimama. Programu ya kuunganisha kwa kunakili mkondo hufanya kitu kimoja kidogo chenye thamani kubwa: inaongeza dakika 95 kwenye kila alama ya muda ya kipande cha pili. Hizo ndizo namba za kurasa zinazoendelezwa.

Ukurasa wa yaliyomo nao una uzito wake, hasa kwa MP4. Faili la MP4 lina faharasa inayoeleza kila fremu iko kwenye baiti ya ngapi. Ukiligandisha MP4 moja nyuma ya jingine kwa amri ya copy, faili linakuwa kubwa kwa jumla ya yote mawili, lakini faharasa inayosomwa ni ile ya kwanza, na video inaishia pale kipande cha kwanza kinapoishia. Watu huona ukubwa umeongezeka wakadhani wamefaulu. AVI nayo ina tabia kama hiyo. VOB na mikondo mingine ya MPEG haina faharasa kuu ya namna hiyo, ndiyo maana mbinu ya kugandisha inafaa huko na haifai hapa.

Vipande lazima vifanane

Hili ndilo sharti lenyewe. Kwa sababu picha haiguswi, programu haiwezi kusawazisha tofauti kati ya vipande. Wengi hudhani kwamba diski mbili za filamu moja lazima zifanane. Kwa kawaida ndivyo, lakini diski za kurekodi nyumbani huvunja desturi hiyo mara nyingi.

Chukua kila faili ulifungue kwa programu ya bure ya MediaInfo, kisha linganisha kodeki ya picha, upana na urefu kwa pikseli, idadi ya fremu kwa sekunde, kodeki ya sauti, idadi ya chaneli na masafa ya sauti. PAL ina 720 kwa 576 na fremu 25, NTSC, mfumo mwingine wa runinga, ina 720 kwa 480 na fremu 29.97, na hizo mbili haziungani bila kuenkodi. Rekoda za DVD zilikuwa na viwango vya kurekodi, na ukichagua kile cha kubana saa nyingi kwenye diski moja, rekoda nyingi ziliandika picha ya 352 kwa 576 badala ya 720. Kwenye runinga huoni tofauti ya umbo, kwa sababu picha hutandazwa ijae kioo. Ukiunganisha ndipo inajitokeza. Mtu aliyebadilisha kiwango katikati ya tukio ili abakishe nafasi ana diski mbili zisizolingana.

Tofauti ya sauti haina uzito sawa na ya picha. Ikiwa picha zinalingana na sauti pekee ndiyo inayotofautiana, enkodi upya sauti ya kipande kimoja na uiache picha. Ni kazi ya muda mfupi na hasara yake masikio mengi hayaitambui.

Kagua pia mpangilio wa mikondo. Diski ya kwanza ikiwa na sauti ya Kiingereza kwanza na ya Kifaransa ya pili, na diski ya pili ikiwa imegeuza, programu itaunganisha ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Utatazama nusu ya filamu kwa lugha moja na nusu kwa nyingine, bila onyo lolote.

H.264 ina mtego wake, na huu umewasumbua wengi wenye diski za Blu-ray au mafaili yaliyokwisha kuenkodiwa. Mkondo wa H.264 huanza na maelezo mafupi ya mipangilio iliyotumika kuubana, na bila hayo mchezaji hawezi kuufungua. MP4 na MKV huyaweka maelezo hayo mahali pamoja, kando ya picha yenyewe. Vipande viwili vinaweza kuwa na upana ule ule, fremu zile zile, MediaInfo ikaonyesha kila kitu sawa, kumbe vilienkodiwa kwa mipangilio tofauti. Ukiviunganisha, nusu ya kwanza inacheza vizuri, nusu ya pili inakuwa vimiraba vya kijani na kijivu. Programu ya mkvmerge huonya kwamba data ya ndani ya kodeki hailingani. Onyo hilo lichukuliwe kwa uzito. FFmpeg inaweza kunyamaza na kukukabidhi faili lenye kasoro.

Kuunganisha kwenyewe

Zana ninayoipendekeza kwanza ni MKVToolNix, ambayo ni ya bure, na mkvmerge ni sehemu yake. Kwenye dirisha lake, ingiza faili la diski ya kwanza, kisha la pili, na uhakikishe la pili umeliingiza kwa "Append", si kwa "Add". Tofauti ni kubwa. "Add" huweka picha mbili sambamba ndani ya faili moja, kama vile kuna matoleo mawili ya filamu, na ukicheza unaona diski ya kwanza peke yake. Kwa wanaopenda kuandika amri:

mkvmerge -o nzima.mkv diski1.mkv + diski2.mkv

Alama ya kujumlisha ndiyo inayosema kiambatishwe. Mkvmerge hukataa kuunganisha picha za upana tofauti, na ukali wake huo ni msaada.

FFmpeg, mradi ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, ina njia kadhaa za kuunganisha, na moja tu kati ya hizo ndiyo inayotufaa hapa. Andika faili la maandishi liitwalo orodha.txt lenye mistari hii:

file 'diski1.mkv'
file 'diski2.mkv'

Kisha:

ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -map 0 -c copy nzima.mkv

Neno "copy" ndilo kiini cha amri yote. Ukiliacha, FFmpeg inaenkodi upya bila kukuuliza. Na -map 0 inaiambia ibebe mikondo yote, maana isipoambiwa inachagua picha moja na sauti moja, na lugha nyingine zinapotea kimya kimya. Asiyetaka kuandika amri anaweza kutumia LosslessCut, ambayo kwa ndani inaitegemea FFmpeg hiyo hiyo, au Avidemux, mradi picha na sauti zote ziwekwe kwenye "Copy".

Kuna kipimo kizuri cha kujua kama kweli unanakili mkondo. Angalia muda na ukubwa. Kazi inayokwenda kasi ya diski ya kompyuta, yaani gigabaiti kadhaa kwa dakika, na faili linalotoka likiwa karibu sawa na jumla ya vipande, hiyo ni kunakili. Kompyuta ikipata moto, au faili likitoka dogo au kubwa kupita jumla kwa kiasi kikubwa, kuna mahali picha inaenkodiwa. Na kwa kuwa kunakili hakuhitaji nguvu ya hesabu, kompyuta ya zamani inaiweza kazi hii sawasawa na mpya.

Kazi ikikwama kila mara karibu na gigabaiti 4, usiilaumu programu. Flashi na diski za nje zilizoandaliwa kwa mfumo wa mafaili wa FAT32 hazipokei faili linalofikia gigabaiti 4, na diski mbili za DVD huvuka hapo kwa urahisi. Tumia sehemu yenye exFAT au NTFS.

Kwenye mshono

Baada ya kuunganisha, usitazame mwanzo wa faili, nenda moja kwa moja kwenye mshono. Anza nusu dakika kabla yake, tazama midomo na sauti vikipita, kisha ruka hadi dakika tano za mwisho na uangalie kama midomo na sauti bado viko pamoja. Sababu ya kukagua mwisho ni hii: sauti ya AC-3 ya DVD hukatwa vipande vya milisekunde 32, wakati fremu ya PAL ni milisekunde 40, kwa hiyo picha na sauti za kipande haziishii sekunde ile ile kamili. Kwa mshono mmoja hutasikia chochote. Mtu anayeunganisha vipande vingi vidogo kwa zana isiyosawazisha picha na sauti kila mshono ndiye anayekuta midomo imeachana na maneno kufikia mwisho. Mkvmerge kwa kawaida hupima mwanzo wa kila faili jipya kutoka pale faili zima lililotangulia lilipoishia, hivyo kasoro hizo hazirundikani.

Diski ya pili ikianza na nembo au onyo usilolitaka katikati ya filamu, unaweza kulikata bila kuenkodi, lakini si mahali popote. Fremu nyingi huhifadhi tofauti tu na fremu za jirani, na ni fremu chache zilizo kamili zenyewe. Mkato lazima uanzie kwenye fremu kamili. Kwenye DVD ya PAL hizo hupatikana angalau kila fremu 15, yaani kila sekunde 0.6, na kwa kawaida utapata pa kukata. Kwenye faili la H.264 lililoenkodiwa kwa programu ya x264 bila kubadilisha mipangilio, umbali huo unaweza kufika fremu 250, sekunde 10 kwa fremu 25, na hapo pengine itabidi ukubali sehemu ya nembo ibaki.

Na vipande vikikataa kabisa, PAL na NTSC kwa mfano, hakuna anayekulazimisha uwe na faili moja. Andika faili la maandishi lenye majina mawili, moja kila mstari, lipe jina filamu.m3u, liweke kwenye folda ile ile na video, kisha lifungue kwa VLC. Litacheza la kwanza na kuendelea na la pili lenyewe, na picha zote mbili zitabaki kama zilivyotoka kwenye diski.